Nusu Saa ya Bibi Ineko

Jumanne ya pili ya Oktoba, asubuhi, Wakui wa duka la matrekta alisimamisha pikapu yake mbele ya banda la Tokuzo, akateremka na chupa ya chai na katalogi iliyovikwa plastiki. Mpunga wa kitongoji cha Nukazawa ulikuwa umeshavunwa, na mashambani vilibaki visiki vifupi na kunguru. Wakui alilizunguka trekta mara moja, akainama kutazama shafti ya nyuma, akapima mikono ya kunyanyulia kwa utepe, akasema mashine ya kurusha theluji itakaa pale bila kubadili hata boliti moja.

"Upana mita moja na themanini," alisema. "Inameza chochote, inarusha mita ishirini. Wewe kazi yako kukaa juu ya kiti na kusikiliza redio."

"Trekta langu halina redio."

"Basi utaimba, Mzee Tokuzo. Nani atakusikia?"

Tokuzo alikuwa na miaka sitini na minne, na mgongo wake ulikuwa umeshamwambia mara kadhaa kwamba hautaki tena kusukuma theluji kwa mikono. Hata hivyo aliomba muda wa kufikiri. Wakui alimkumbusha kwamba bei ya kabla ya msimu inaisha na mwezi huu. Kisha akauliza kama amekwisha kuyaona mayai ya vunjajungu.

Tokuzo alikuwa ameyaona. Kwenye mabua ya nyuma ya banda yalining'inia usawa wa kifua. Watu wa Nukazawa wanasema vunjajungu hutaga mahali ambapo theluji haitafika, na hawajawahi kumkuta amekosea kwa zaidi ya kiganja.

"Mwaka jana yalikuwa kiunoni," alisema Wakui. "Na mwaka jana unaukumbuka."

"Naukumbuka."

Wakati wa kuondoka Wakui alichungulia mlangoni pa nyumba. Ndani, mahali pa kuvulia viatu, ilikuwepo theluji ya siku ile, karai moja, Tokuzo alikuwa hajaitoa.

"Naomba bonge," alisema Wakui. "Nina samaki kwenye gari."

"Chukua."

Theluji hiyo ilikuwa ikija tangu Machi. Ilikuja saa kumi na moja na nusu alfajiri, kila siku, kiasi cha karai moja la kusukumia, lile kubwa la chuma lenye mpini wa kushika kwa mikono miwili. Haikuwa theluji laini. Ilikuwa ya mabonge magumu, yenye mchanga wa barabara na mikwaruzo ya greda, na katikati yake daima kilikuwemo kibanzi kimoja cha mwanzi kilichopakwa rangi ya kijani. Ikiachwa ndani haikuyeyuka, hata Agosti. Ikitolewa nje iliyeyuka kama theluji yoyote. Kwa hiyo kila siku Tokuzo aliichota akaitoa.

Majirani walizoea. Wakati wa joto walikuja na matikiti maji na bia, wakavizika kwenye lundo la siku hiyo pembeni ya kisima, wakarudi jioni kuvichukua. Karani wa ofisi ya kijiji alikuja mara moja akiwa na rula. Alipima sentimita thelathini na nane, akaandika, kisha akauliza kama theluji hiyo ni ya barabara au ni ya mtu binafsi, kwa maana ya barabara ingekuwa kazi ya ofisi.

"Ni yangu," alisema Tokuzo.

Karani alifunga daftari, akashukuru kwa chai, akaondoka.

Nukazawa theluji haitupwi popote mtu anapotaka. Kando ya barabara, chini ya vifuniko vya chuma, unapita mfereji wa maji ya mto. Nyumba ziko kumi na moja, na kila moja ina nusu saa yake. Saa mbili asubuhi Isoda, mwenyekiti wa kitongoji, hufungua lango la maji. Mkondo ukishapata nguvu, nyumba ya kwanza hufunua kifuniko chake na kumwaga theluji yake, kisha ya pili, mpaka ya mwisho. Hutakiwa iwe laini, iliyovunjwavunjwa. Bonge haliruhusiwi, na nje ya zamu hairuhusiwi hata ya kujaza kiganja, kwa sababu kabla ya lango kufunguliwa maji ni membamba na hayana nguvu ya kubeba kitu. Nyumba ikiziba mfereji hupoteza zamu majira yote ya baridi yanayofuata. Asiye na zamu hana pa kuipeleka theluji yake, na nyumba ya namna hiyo haikaliki Mwaka Mpya ukishapita.

Februari iliyopita wakulima wa mpunga walipanga safari ya siku moja kwenda kwenye chemchemi ya maji moto. Basi lilikuwa liondoke saa moja. Siku hiyo kukapambazuka na sentimita themanini za theluji mpya, na greda la barabara likawa limepita na kuacha ukuta wa mabonge mbele ya njia ya Tokuzo. Zamu yake ilikuwa saa tatu. Hatsue, mke wake, alikuwa kwa binti yao Nozomi. Saa kumi na moja na nusu alfajiri Tokuzo alifunua kifuniko, akamwaga makarai thelathini na moja. Akiwa anaharakisha alikigonga kigingi cha mwanzi cha kijani kinachoonyesha mwisho wa njia yake, kikabanduka kipande, kikaenda na theluji. Alifunika, akafagia alama, akawahi basi.

Mabonge yalikwama kwenye kona, chini ya nyumba ya mwisho, ya Bibi Ineko. Lango lilipofunguliwa saa mbili, maji yalipanda, yakaingia ukumbi wa kitongoji ambao mwezi mmoja tu nyuma ulikuwa umetandikwa mikeka mipya ya sakafu, minene, ishirini na minne. Yote iliharibika. Isoda alipokimbilia kwenye kona alimkuta Bibi Ineko, mwenye miaka themanini na miwili, amepiga magoti kando ya kifuniko kilichofunuliwa, karai lake ubavuni, akiyachokoa mabonge kwa fimbo. Alikuwa amesikia maji yanahangaika, akatoka kuyasaidia. Isoda alimwona mwanamke, karai na kifuniko wazi, na hakuhitaji kuona kingine.

Habari ilimfikia Tokuzo akiwa ndani ya maji moto mpaka shingoni, taulo limekunjwa juu ya kichwa.

"Bibi wa watu," alisema mmoja wa wenzake. "Uzee huo."

"Ndiyo," alisema Tokuzo.

Kesho yake Bibi Ineko alizunguka nyumba zote kumi, kila moja na boksi lake la keki za maharage matamu. Alipofika kwa Tokuzo alipiga magoti pale pa kuvulia viatu, akaweka paji la uso sakafuni.

"Sikumbuki kufanya hivyo, Tokuzo mwanangu," alisema. "Lakini kama siyo mimi, atakuwa nani?"

Tokuzo alilipokea boksi kwa mikono miwili. Keki zilikuwa kumi na mbili. Mwisho wa Februari Bibi Ineko alihamia mjini kwa binti yake, ghorofa ya nne. Tarehe tatu Machi Tokuzo alikula keki ya mwisho. Tarehe nne, alfajiri, theluji ilikuja, mahali palepale palipokuwa paji la uso.

Mwanzoni alihesabu. Aprili, makarai yalipofika thelathini na moja, alidhani itakoma. Haikukoma.

Jioni ya siku aliyokuja Wakui, Hatsue aliandaa samaki, wali na figili za moshi. Kisha akaleta kopo la chai, akaliweka katikati ya meza, mahali pa mchuzi. Ndani vilikuwemo vibanzi vya kijani zaidi ya mia mbili, vyote sawasawa kama sindano za pakiti moja. Alikuwa akiviokota tangu Machi, na hakuwa amesema neno.

"Baba Nozomi, tuongee juu ya hiyo mashine."

"Ni ghali."

"Sijauliza bei." Alimpakulia wali. "Ukiwa na mashine utairushia theluji yako shambani. Hutahitaji mfereji. Usipohitaji mfereji, kupoteza zamu hakukuumizi. Miezi minane umekuwa unaogopa kupoteza zamu. Mimi najiuliza, ukishanunua, utaogopa nini?"

Tokuzo alitafuna figili. Figili za Hatsue zilikuwa ngumu na zilimpa mtu nafasi ya kunyamaza.

"Nitasema mkutanoni," alisema baadaye.

"Utasemaje?"

"Nitasema tu."

"Sema hapa kwanza. Mimi nimekaa, sina pa kwenda."

Tokuzo aliweka vijiti chini. "Februari," alisema. Bafuni king'ora kidogo kililia kuonyesha kwamba maji ya kuoga yamejaa. Alisikiliza mpaka kikanyamaza, kisha akainuka akaenda kuoga.

Siku ya pili alimpigia simu Wakui akasema anaichukua.

Tangu hapo alitembea mwepesi kidogo. Kila alipopita bandani alijiambia kwamba mashine hii siyo ya mgongo wake. Alikuwa anainunua ili aweze kusema kweli, na mtu anayetumia fedha nyingi hivyo ili aseme kweli hawezi kuwa mtu mbaya sana. Alilipaka trekta grisi kila mahali panapopakwa grisi. Theluji ya alfajiri aliitoa akiwa anapiga mluzi.

Mashine ililetwa Alhamisi ya wiki iliyofuata, nyekundu, bado ina karatasi kwenye visu. Waliifunga nyuma ya trekta kwa robo saa. Ilibidi ijaribiwe, na kwa kuwa theluji ya Oktoba ilikuwa ile moja tu, Tokuzo aliileta kwa karai kutoka mlangoni akaimwaga mbele ya visu. Mashine ilinguruma, ikaimeza, ikaitema kwa shingo yake ndefu juu ya banda hadi katikati ya shamba.

"Ishirini," alisema Wakui. "Nilikwambia."

"Inaweza kuingia mlangoni?"

Wakui alitazama mlango, akatazama mashine. "Mzee wangu, hii ni ya uwanjani. Ya ndani tafuta fagio."

Mkutano wa zamu ulifanyika Jumapili ya mwisho ya Oktoba, ukumbini, juu ya mikeka iliyonunuliwa upya. Nyumba zote kumi zilikuja. Isoda alivaa miwani, akafungua daftari, akasoma nusu saa moja baada ya nyingine. Alipofika mwisho alikohoa.

"Nyumba ya kumi na moja haina zamu mwaka huu. Sababu mnaijua. Sasa, binti yake amenipigia. Mama anataka kurudi kabla ya Mwaka Mpya. Anasema huko mjini kila saa saba mchana mama anafungua bomba la jikoni, anasimama kulitazama nusu saa nzima, halafu analifunga na kushukuru. Binti hana neno, ila vyombo vinachelewa kuoshwa. Mimi nimemwambia sheria ni sheria. Bila zamu hapa patamzika akiwa hai. Abaki hukohuko."

"Si ndiyo vizuri," alisema mke wa Isoda. "Huko kuna lifti."

Watu waliitikia kwa vichwa. Hapo Tokuzo alisimama. Maneno ya kukiri alikuwa nayo. Alikuwa ameyapanga bandani, matano kwa hesabu, wala hayakuwa marefu.

"Nusu saa yangu mpeni Bibi Ineko," alisema kwanza.

Isoda alivua miwani.

"Kwa nini?"

Swali lilikuwa wazi kama mlango, na lilikuwa limeulizwa kwa upole. Wote walimgeukia. Hatsue, aliyekuwa kwenye birika akimimina chai, aliinua mdomo wa birika na chai ikasimama. Tokuzo alizitazama nyuso za watu waliokula matikiti yaliyopozwa na theluji yake, na hakuna hata mmoja aliyeonekana kutaka kumuumiza. Hilo ndilo lililomshinda.

"Kwa sababu nimenunua mashine," alisema, akakaa.

Walipiga makofi. Mke wa Isoda alijifuta macho.

"Kumbe Tokuzo ana moyo," alisema jirani wa nyumba ya nne. "Sisi tulidhani ana trekta tu."

Walicheka, na Tokuzo akacheka nao, kichwa chini. Wote walisema ni jambo kubwa, kumsaidia mtu aliyewaharibia mikeka ishirini na minne. Jirani wa nyumba ya sita alisema yeye binafsi asingeweza. Isoda aliandika daftarini: saa tatu, Bibi Ineko, kwa hisani ya Tokuzo. Ukurasa wa nyuma yake, ule wa Februari, ulibaki kama ulivyokuwa, jina la Bibi Ineko kwa wino, na mbele yake neno moja: aliziba. Hatsue aliendelea kugawa chai. Alipofika kwa mume wake alipita bila kusimama.

Nyumbani kopo halikurudi tena mezani. Hatsue aliliweka juu ya kabati la viatu, bila kifuniko.

Bibi Ineko alirudi wiki ya pili ya Desemba, na theluji ya kweli ikaja siku tatu baadaye, usiku na mchana, mpaka ikakaribia mayai ya vunjajungu na kusimama kiganja kimoja chini yake. Mashine ilifanya kazi kama alivyosema Wakui. Tokuzo alimaliza uwanja wake kwa dakika kumi na mbili, akafungua pia njia ya nyumba ya nne na ya sita, na watu wakamletea sake, pombe ya mchele, na mayai. Saa tatu kamili Bibi Ineko alionekana kando ya mfereji na karai lake, akivunja theluji vipande vidogo kama mtu anayekata mboga, na saa tatu na nusu alifunika kifuniko, akakiinamia.

Asubuhi ya tano alikuja kwa Tokuzo. Wazee wa Nukazawa huamka mapema, na yeye alipogonga ilikuwa saa kumi na moja na nusu. Tokuzo alifungua mlango akiwa na nguo za kulalia. Kati yao, mahali pa kuvulia viatu, theluji ilikuwa ndiyo kwanza imefika.

Bibi Ineko alikuwa ameshika boksi la keki za maharage matamu. Alitafuta pa kupiga magoti, akakuta pamejaa, akainama akiwa amesimama.

"Tokuzo mwanangu, umenirudisha nyumbani. Mimi, baada ya yale niliyowafanyia. Sijui nikushukuruje."

"Usiseme hivyo, Bibi."

"Nisiseme vipi?"

Tokuzo alifungua mdomo. Baridi iliingia kupitia mlango ulio wazi. "Karibu chai," alisema.

Bibi Ineko alimpa boksi, na yeye akalipokea kwa mikono miwili, maana hakuna namna nyingine ya kulipokea. Kisha bibi aliitazama theluji. Aliinama, akagusa bonge kwa kidole, akafuata mkwaruzo wa greda.

"Mabonge kama haya ndiyo yaliyoziba," alisema. Akachomoa kile kibanzi cha kijani, akakipangusa kwenye aproni yake, akakitazama pande zote mbili. Alitoa kichwa nje, akakiangalia kigingi cha mwanzi kilichosimama mwisho wa njia, chenye jeraha jeupe ubavuni. Akarudisha kichwa ndani.

"Hiki ni cha kigingi chako," alisema. "Kiweke vizuri kisipotee." Akakiweka ndani ya kopo juu ya kabati, pamoja na vingine.

Ndani ya nyumba Hatsue alikuwa amesimama nyuma ya mlango wa karatasi, na kivuli chake kilionekana wazi.

"Na mashine yako nzuri hivyo haiwezi kukusaidia na hii?"

"Haiingii mlangoni."

"Basi mimi naingia," alisema Bibi Ineko, akacheka kidogo, akachukua karai lililokuwa limeegemezwa ukutani. Alilisukuma chini ya mabonge kwa ustadi wa mtu aliyezaliwa kule, akainyanyua theluji kwa magoti badala ya mgongo, akaitoa nje. Hakuimwaga mferejini. Ilikuwa bado siyo zamu. Aliiweka pembeni, akaipigapiga juu ili isianguke, akalirudisha karai mahali pake.

"Asante," alisema Tokuzo.

Kesho yake alikuja tena, na keshokutwa. Alisema ni jambo dogo, na kwamba mtu akifadhiliwa lazima afanye kitu, vinginevyo hapati usingizi. Majirani walisema inapendeza kuona watu wawili wanavyosaidiana.

Mpaka sasa hali ni hiyo. Saa kumi na moja na nusu Tokuzo huwa macho, amelala chali, na Hatsue kando yake amegeukia ukuta. Husikia mlango ukisogezwa, karai likikwaruza saruji, kibanzi kikidondoka ndani ya kopo, mlango ukifungwa. Kisha huamka, huvaa gambuti, huwasha trekta. Njia ya kutoka mlango wa Bibi Ineko hadi mlango wake mwenyewe ndiyo huisafisha kwanza, kabla ya nyingine zote, na huirudia tena jioni, asije bibi akateleza alfajiri.